Nyumba Isiyo na Neno Jema

Mwezi wa Juni, katika vijiji vya wilaya ya Kilwa, ni mwezi wa ufuta. Msafiri atokaye Nangurukuru kwenda Lindi, akifika Kiranjeranje kabla hajavuka Mto Mbwemkuru, huona mabua ya ufuta yamefungwa mafungu na kusimamishwa yakauke, na watu wakiyapindua juu ya maturubai na kuyakung'uta. Mkulima wa huko ajua jambo moja asilohitaji kufundishwa na bwana shamba: ufuta ukichelewa kukatwa, vifuko vyake hupasuka vyenyewe, na mbegu humwagika chini. Kazi ya msimu mzima hupotea, wala hakuja mwizi, wala haukuwaka moto. Kuchelewa tu kumeipoteza.

Leo twapenda kusema habari ya mavuno mengine yamwagikayo vivyo hivyo, polepole, bila kelele, ndani ya nyumba za Wakristo walio hai na wenye afya. Twasema habari ya mapenzi ya mume na mke.

Tumfikirie mama mmoja wa kijiji kama hicho. Hatumpi jina, kwa kuwa mama huyu ni wengi, na kila msomaji ataweza kumtambua karibu naye. Ameolewa miaka 12. Mumewe si mlevi, wala hampigi. Nyumba imeezekwa bati, unga haukauki, watoto wanasoma. Kila ajaye kumtembelea husema, "Mama Yosefu, wewe una bahati." Naye hujibu, "Twashukuru Mungu," kisha huinama kuchochea moto, mgeni asiyaone macho yake.

Kwa maana jioni mumewe arudipo, maneno yake ni matatu: "Chakula tayari? Watoto wamelala? Nani alikuja leo?" Baada ya hayo hunyamaza mpaka asubuhi. Hamwulizi kama kichwa kilichomwuma juzi kimepoa. Mama akivaa kanga mpya, haioni. Akipika vizuri, anakula na kunawa. Akikosea chumvi, ndipo ulimi wake hufunguka. Usiku humgeukia akiwa na haja yake, na haja ikiisha humpa mgongo. Mama hukaa macho akisikiliza malori ya barabara kuu yakipita kwenda Mtwara, na moyoni mwake hujiuliza: "Nikifa leo, mtu huyu atakosa nini isipokuwa mpishi?"

Je, mama huyu ana haki ya kulalamika?

Wanaume wengi watasema hapana. Twawasikia: "Nimemjengea. Nimemlisha. Mwaka jana, fedha za mnada wa ufuta zilipotoka, nilimnunulia kitanda. Anataka nini tena? Mapenzi ya maneno ni mambo ya wazungu na ya sinema." Hata wanawake wenyewe, hasa wazee, humwambia: "Mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo. Vumilia. Sisi tuliulizwa habari za mioyo yetu na nani?"

Wapenzi wasomaji, majibu haya mawili yote yana upungufu, na twapenda kueleza sababu yake.

Tufungue Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29. Humo twamkuta mwanamke aitwaye Lea. Baba yake, Labani, alimwoza kwa hila kwa mtu aliyemtaka dada yake. Yakobo alimpenda Raheli. Kwa Lea alikuwa mume tu. Hatusomi kwamba Yakobo alimnyima Lea chakula, au kwamba alimpiga. Hema alikuwa nalo, na watumishi alikuwa nao. Lakini Maandiko Matakatifu yasema wazi kwamba hakupendwa, na kwamba Mungu aliliona jambo hilo.

Angalieni sasa majina aliyowapa watoto wake. Alipomzaa Reubeni, alisema kwamba Bwana ameyaona mateso yake, na kwamba sasa mume wake atampenda. Mume hakumpenda. Akamzaa Simeoni, akasema kwamba Bwana amesikia ya kuwa yeye hapendwi. Akamzaa Lawi, akasema kwamba safari hii mume wake ataambatana naye. Watoto watatu, na kila mtoto amepewa jina lenye kilio cha mamaye ndani yake. Kila Yakobo alipowaita wanawe waje kula, aliyasikia malalamiko ya mkewe katika majina yao, naye hakuelewa.

Basi, ikiwa kiu ya kupendwa ni upuuzi, mbona Roho Mtakatifu ameona vema iandikwe katika Maandiko, kwa uangalifu wote huo, jina kwa jina? Na ikiwa ni tamaa mbaya, mbona Mungu hakumkemea Lea, bali alimhurumia? Jibu ni wazi. Kiu hiyo Mungu mwenyewe ameipanda. Aliona kwamba si vema mtu awe peke yake, akamfanyia mwenzi. Hakumpa Adamu mpishi, wala mlinzi wa nyumba. Alimpa mtu wa kufanana naye, na neno la kwanza ambalo Maandiko yanatuonyesha mwanamume akilisema mbele ya mkewe ni neno la furaha na sifa. Nyumba ambamo neno hilo halisikiki tena imepungukiwa na kitu kilichokuwako Paradiso kabla ya dhambi.

Wala Kanisa halijanyamaza. Mwaka 1930 Papa Pius XI, katika barua yake juu ya ndoa ya Kikristo, alifundisha kwamba upendo wa mume na mke hupenya kazi zote za maisha ya ndoa, na kwamba una mahali pa heshima kati yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulieleza ndoa kuwa ushirika wa ndani wa maisha na mapendo. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliandika waraka mrefu juu ya furaha ya mapendo katika familia, na humo akawahimiza wenye ndoa wasione haya kutumia maneno matatu kila siku: la kuomba ruhusa, la kushukuru, na la kuomba msamaha. Baba Mtakatifu wa dunia nzima, mwenye mambo makubwa ya mataifa mikononi mwake, aliona inafaa kuwafundisha waume na wake kuambiana asante. Je, ni jambo dogo?

Kabla ya haya yote Mtume Paulo alikuwa amekwisha kuwaagiza Waefeso kwamba waume wawapende wake zao kama Kristu alivyolipenda Kanisa, na Wakolosai kwamba wasiwe wakali kwao. Wakorintho aliwaambia kwamba mume ampe mke haki yake, na mke vilevile ampe mume. Wengi husoma neno hilo na kufikiri juu ya kitanda tu. Lakini haki ya mke haikomi hapo. Siku ya arusi, mbele ya altare, mwanamume hakuahidi bati na unga tu. Aliahidi kumpenda na kumheshimu siku zote. Ahadi ya bati huonekana ikivunjwa, kwa kuwa mvua huingia. Ahadi ya kupenda huvunjwa kimya, na pengine mvunjaji hupokea Komunyo kila Dominika bila kukumbuka kuungama kosa hilo.

Hata jirani zetu Waislamu, ambao kule pwani ya Kilwa na Lindi ndio wengi, hufundishwa katika kitabu chao kwamba Mungu ameweka mapenzi na huruma kati ya mume na mke. Mkristo atasema nini basi, yeye aliyeambiwa kwamba ndoa yake ni ishara ya mapendo ya Kristu mwenyewe?

Mtu ataniuliza: "Padre, wewe huna mke. Wayajuaje mambo haya?" Ni kweli, sina. Sisemi kama mjuzi wa ndoa. Nasema kama mtu aliyewekwa kulisoma Neno la Mungu na kuwasikiliza watu wake, na neno nililoligusa hapa si geni kwa padre yeyote apokeaye wageni barazani kwake.

Sasa na tutazame chanzo cha ubaridi huu, maana mganga asiyejua ugonjwa hawezi kutoa dawa.

Chanzo cha kwanza ni malezi. Katika mikoa yetu ya kusini msichana hafundishwi ndoa kwa kubahatisha. Yuko kungwi, liko somo, kuna siku za unyago. Hufundishwa kumpokea mume, kumsemesha kwa adabu, kumtunza, kumfurahisha. Mengi ya mafundisho hayo ni mema, na mengine Kanisa limeyasafisha. Lakini mvulana je? Hufundishwa kuwa hodari, kuvumilia kisu bila kulia, kuficha machozi, kutunza siri za wanaume. Ni nani aliyemkalisha chini akamwambia: "Mkeo akiwa na huzuni, keti karibu naye umwulize"? Ni nani aliyemwonyesha kwamba mkono uliozoea jembe na shoka waweza pia kumshika mtu polepole begani? Twampeleka binti ndoani na elimu ya miezi, na kijana twampeleka na jembe. Kisha twashangaa kwamba mmoja anatoa na mwingine hajui hata kupokea.

Chanzo cha pili ni umbali. Tangu zamani vijana wa pwani ya Lindi na Kilwa wamekwenda kutafuta riziki mbali. Neno "machinga", ambalo leo nchi nzima hulitumia kwa mchuuzi wa barabarani, limetokana na watu wa kusini waliopeleka bidhaa zao mikononi katika mitaa ya Dar es Salaam. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, safari iliyokuwa ya kungoja kivuko ikawa nyepesi. Ilikuwa baraka kubwa. Lakini barabara ipelekayo ndiyo irudishayo, na wako wanaokumbuka upande mmoja tu. Wengine huenda dago kuvua, miezi kwa miezi. Hutuma fedha kwa simu, nao hudhani wametuma kila kitu. Ndugu uliye mbali, simu hiyohiyo ipelekayo fedha hupeleka na sauti. Je, mkeo ameisikia sauti yako juma hili, bila neno la fedha ndani yake?

Chanzo cha tatu ni fedha yenyewe. Watu wa kusini wanajua, nao huliongea kwa kicheko cha huzuni, kwamba msimu wa mavuno ndio msimu wa ndoa kuyumba. Mke na mume wamelima pamoja, wamepalilia pamoja, wamefukuza ngedere na nguruwe pamoja. Mnada ukifanyika na malipo yakitoka, mume hutoweka siku tatu, na akirudi ana shati jipya na harufu ngeni. Mwanamke yule hakulia kwa sababu ya fedha. Alilia kwa sababu wakati wa jasho alikuwa mwenzi, na wakati wa furaha akawa mtu baki.

Chanzo cha nne ni ulimi wa mke, maana haki hutaka tuseme kwa pande zote. Wako wanawake ambao hawakuwahi kumshukuru mume kwa lolote. Humlinganisha na shemeji, humdharau mbele ya watoto, humsema kisimani. Mwanamume naye ana moyo. Huonekana mgumu kama mpingo, kumbe ndani ana njaa ileile, ila hana neno la kuisema. Akikosa heshima kwake, huhamia barazani, na kutoka barazani huhamia kilabuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara nyingi wote wawili wanakaa katika chumba kimoja, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Sasa twafika mahali pa hatari, na twaomba kila msomaji asome polepole.

Mwenye njaa hula hata kisicholiwa. Mama yule wa Kiranjeranje atakutana siku moja na mtu atakayemwona. Labda ni mnunuzi wa mazao, labda ni dereva apumzikaye njiani, labda ni mtu anayemwandikia katika simu. Mtu huyo atamwuliza jambo dogo sana: "Mama, mbona leo unaonekana umechoka?" Na swali hilo, ambalo mumewe hakuliuliza kwa miaka, litamtetemesha. Hapo ndipo nyumba nyingi zilipoanguka, wala hazikuangushwa na ashiki. Ziliangushwa na swali la wema lililotoka katika kinywa kisicho haki yake.

Dada mpendwa, ukiwa umefika hapo, sikia. Machozi yako si dhambi. Kutamani kupendwa si dhambi. Lakini yule anayekupa kwa siri kile ambacho hawezi kukupa mbele ya watu hakupendi. Anakukopesha, na riba yake utailipa wewe na watoto wako. Mkumbuke mwanamke Msamaria ambaye Bwana wetu alimkuta kisimani saa ya adhuhuri. Alikuwa amepata waume watano, na wa sita hakuwa wake, na bado alikuwa akiteka maji peke yake katika jua kali. Yesu hakumcheka kwa kiu yake. Alimwonyesha kwamba amekuwa akiipeleka katika visima visivyoweza kuituliza.

Wengine hukimbilia kwa mganga kutafuta limbwata, ili mume awe mpole. Jambo hili halifai hata kidogo. Kwanza ni kosa dhidi ya amri ya kwanza ya Mungu. Pili, mara nyingi ni hatari kwa afya, maana nani ajuaye kilichotiwa humo? Na tatu, hata kama lingefanya kazi, lingekupa nini? Mume aliyefungwa kwa dawa hakuchagua kukupenda. Nawe ulichotamani ni kuchaguliwa.

Basi mke afanye nini?

Kwanza, aseme. Wanawake wengi wamenuna miaka 10 bila kusema sentensi moja ya wazi, wakidhani mume ataelewa kwa sahani iliyowekwa kwa kishindo. Hataelewa. Chagua saa njema, asiwe na njaa wala uchovu, watoto wasiwepo. Usianze kwa kumshitaki. Mwambie: "Baba Yosefu, wewe ni mtu wa kazi, na kwa hilo nakushukuru. Lakini mimi nina upweke humu ndani. Nataka tuzungumze kama tulivyozungumza zamani." Sema mara moja, kwa upole, kisha umwache afikiri. Akicheka, usikate tamaa. Kicheko cha mwanamume mara nyingi ni haya.

Pili, asimfanye mtoto kuwa silaha wala mume wa badala. Mtoto aliyebebeshwa huzuni ya mamaye hukua na mzigo usio wake. Lea aliwapa wanawe majina ya uchungu watatu, lakini wa nne, Yuda, alimwita kwa jina la kumsifu Bwana. Mume alikuwa yuleyule. Lea ndiye aliyekuwa amegeuza uso. Na kutoka kwa Yuda huyo akazaliwa Daudi, na katika ukoo wa Daudi akazaliwa Bwana wetu Yesu Kristu. Na mwisho wa maisha yake Yakobo aliagiza azikwe katika pango la Makpela, alikomzika Lea. Raheli alikuwa amezikwa njiani. Hatusemi haya ili kumtetea Yakobo, ambaye alichelewa mno. Twayasema ili kila mwanamke asiyependwa ajue kwamba thamani yake haikupimwa na macho ya mumewe. Mungu alikuwa ameiona kabla.

Tatu, asali, naye asali kwa saburi. Mtakatifu Monika, binti wa Afrika, aliishi Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Mumewe Patrisio alikuwa mpagani, mwepesi wa hasira, tena asiye mwaminifu. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, ndiye aliyetuandikia habari hizo. Kwa upole na sala ya miaka mingi Monika alimvuta, akabatizwa kabla ya kufa. Mfano huu ni wa kweli na ni mzuri.

Lakini hapa hatuna budi kuonya. Mfano wa Monika umetumiwa vibaya na watu wanaotaka kuwafunga vinywa wanawake wanaoumizwa. Ubaridi ni msalaba. Kipigo ni uovu. Uchunguzi wa taifa wa afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wa Tanzania, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikia miaka 15. Kati yao wako Wakristo, na kati ya waliowapiga wako waliobatizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema wazi kwamba mume wala mke hana haki ya kumpiga mwenzake. Sheria ya Kanisa nayo yafundisha kwamba mwenzi akihatarisha vibaya mwili au roho ya mwenzake au ya watoto, aliyehatarishwa ana sababu halali ya kutengana naye. Na Papa Fransisko ameandika kwamba mara nyingine kutengana huko huwa wajibu, ili kumwokoa mnyonge. Kwa hiyo, mama unayepigwa, usingoje ndoa yako ipone ndipo ujiokoe. Nenda kwa wazazi, kwa paroko, kwa dawati la jinsia la polisi. Kujiokoa si kuvunja Sakramenti.

Na yuko mwingine, aliyeozwa kwa nguvu au kwa hila, kama Lea. Huyo ajue kwamba Kanisa halihesabu kuwa ndoa halali ile iliyofungwa kwa kutishwa. Amwendee paroko, naye atamwelekeza kwenye mahakama ya Kanisa ya jimbo. Tangu mwaka 2015 taratibu zake zimefanywa fupi kuliko zamani. Shauri hilo si talaka. Ni kutafuta kama ndoa ilikuwapo.

Sasa neno letu la mwisho ni kwenu, enyi waume, na twalisema kwa upendo wa ndugu.

Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Wewe umejenga mlango mzuri. Je, umewahi kuingia? Mtume Petro aliwaagiza waume wakae na wake zao kwa akili, wakiwapa heshima, ili sala zao zisizuiliwe. Tafakari neno hilo. Kuna mtu anayefunga, anayetoa zaka, anayeimba katika kwaya, na sala zake zimekwama darini kwa sababu chini ya dari hiyo mtu mmoja analia usiku naye amempa mgongo.

Utasema: "Sijui kusema maneno matamu." Hakuna aliyetaka mashairi. Anza kwa machache. Urudipo, mwulize habari zake kabla ya kuuliza chakula. Ukila, sema asante. Msifu mbele ya watoto, nao wana watajifunza kutoka kwako kile ambacho wewe hukufundishwa na mtu. Fedha ya ufuta ikitoka, ihesabuni wawili mezani, kabla haijaonekana na rafiki yeyote. Ukimkosea, mwambie samahani, hutapungua urefu. Ukiwa mbali, piga simu kwa ajili ya sauti tu. Na usiku usimkaribie kama mtu achukuaye kitu ghalani. Mkaribie kama siku ile ulipoogopa kwamba atakukataa.

Wazazi nao wafanye sehemu yao. Mjomba na baba wamfundishe kijana upole kabla ya ndoa, kama kungwi anavyomfundisha binti. Wasimamizi wa ndoa wasidhani kazi yao ilikwisha walipotia sahihi kitabuni. Waitembelee nyumba ile baada ya mwaka, baada ya miaka mitano, waulize. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo twachangia msiba haraka sana. Upweke wa ndoani ni msiba usiopigiwa kelele; nao wastahili jirani wa kuujia. Na sisi mapadre tusikie aibu kuyasema haya katika mafundisho ya ndoa, kwa wanaume hasa.

Wapenzi wasomaji, gazeti hili labda linasomwa kwa sauti leo, baada ya chakula, na mama yuko upande wa jikoni akiosha vyombo, akisikiliza bila kuonyesha kwamba anasikiliza. Baba wa nyumba, likunje gazeti. Mwite mkeo kwa jina lake, si kwa jina la mtoto. Kwa jina lile ulilolitamka mbele ya altare. Atashtuka, huenda akadhani kuna ugonjwa. Mwambie aje aketi. Kisha mwulize alivyoshinda, na akijibu, nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Ufuta umekwisha kukauka shambani. Usiuache ukamwagika.

Mungu, aliyeyaona machozi ya Lea na aliyekaa na Msamaria kisimani, azibariki nyumba zenu. Mama Bikira Maria, ambaye kule Kana ndiye aliyetambua kwanza kwamba divai imekwisha katika nyumba ya arusi, awaombee wote ambao divai yao imekwisha, ili Mwanae awajazie tena mabalasi yao. Amina.